Salama, Ila Gari Limezama

Wadogo zangu, nimestaafu. Nina miaka ishirini na tisa, na kabla hamjacheka naomba niitetee sentensi hiyo, maana nimeikagua kuliko inavyostahili. Mstaafu ni mtu aliyeacha kazi aliyoizoea huku bado anaiota. Mimi nimeiacha, na bado naiota. Juzi nimeota nasahihisha mitihani mbele ya nyati, na nyati ndiye aliyekuwa msimamizi. Kwa hiyo nadai haki zote za mstaafu: kukaa nje ya nyumba na kikombe cha chai, kulalamikia vijana, na kuwaandikia kumbukumbu ambazo hawakuziomba.

Nawaandikia ninyi mnaotoka vyuo vikuu na shahada za lugha, mkitafuta mtu wa kumfundisha mlichofundishwa. Mimi nilimpata. Kazi yangu ilikuwa kufundisha kiarifu, katika chuo kidogo cha waongoza watalii hapa Karatu mjini, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari. Somo lenyewe liliitwa Lugha na Mawasiliano. Mwanafunzi akichoka kunisikiliza, alisikiliza watu wa chini wakibishana kama shokapu ni mpya au ni ya zamani iliyopakwa rangi. Mara nyingi hata mimi nilisikiliza.

Kiarifu si kitu kigumu. Kila unaposema jambo, kuna unayemsema, na kuna unachosema juu yake. Anayesemwa ni kiima. Kinachosemwa ni kiarifu. Katika "faru amelala", faru ni kiima, amelala ni kiarifu. Vitabu vingine hukiita prediketa, nadhani ili mwanafunzi aogope mapema. Mimi napenda jina kiarifu kwa sababu linataja kazi yake: kinaarifu. Kinampa mtu habari. Nililisema hilo darasani mara nyingi sana, kwa sauti nzuri, bila kulisikia mwenyewe.

Ushauri wa kikazi: msianze na michoro ya matawi. Mimi nilianza nayo. Siku ya kwanza nilijaza ubao mzima, sentensi juu, vijitawi vikishuka kushoto na kulia, nikageuka nikitarajia nyuso zilizoangaza. Kijana mmoja wa Mbulumbulu aliutazama ubao kwa huruma, akasema, "Madam, maharage yetu yakiwa na mizizi hivyo huwa tunang'oa."

Nyuma ya darasa alikaa Mzee Margwe, akitafuna karanga. Huyu ndiye aliyekuwa mwalimu wa redio na udereva, na ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa hakuna aliyemwomba. Alikuwa amewashusha wageni kreta ya Ngorongoro tangu enzi ambazo, kwa maelezo yake, barabara ilikuwa mbaya na watu walikuwa wazuri. Alichokijua alikisema kwa sauti kubwa. Asichokijua alikisema kwa sauti kubwa zaidi. Mimi aliniita Msomi, kwa namna ambayo mtu mwingine angesema mgonjwa.

"Msomi," alisema baada ya kipindi, "huo mti wako unazaa nini?"

"Unaonyesha muundo wa sentensi, Mzee."

"Muundo hauliwi. Wape kitu chenye tundu."

"Tundu?"

"Kitu kilichopungua. Binadamu akiona tundu, mkono unamwasha kuliziba."

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimekasirika, na njiani nikagundua kwamba watu wa mantiki wanakichukulia kiarifu hivyo hivyo: sentensi yenye mashimo. Kesho yake nilifuta matawi, nikachora mistari mitupu. Nafasi halafu "amelala". Nafasi, "anamfukuza", nafasi. Nafasi, "amesimama kati ya", nafasi, "na", nafasi. Kiarifu cha shimo moja, cha mawili, cha matatu. Darasa liliamka. Walimweka simba kati ya Mkuu wa Chuo na mpishi. Walimfanya fisi amfukuze tembo. Nikawaambia hiyo ndiyo raha yake: kuziba shimo ni kazi moja, na kuuliza kama ulichopata ni kweli ni kazi nyingine.

Tatizo lilikuja nilipoandika nafasi na neno "ni mchoyo". Mtu akaenda ubaoni akaliziba shimo, na Mkuu wa Chuo akaingia kutangaza mambo ya usafi.

Mkuu alikuwa mtu mpana, mwema, ambaye kila alichosema kilianza na "kwa kifupi" na hakikuwa kifupi hata mara moja. Aliusoma ubao. Akausoma tena.

"Kwa kifupi," alisema, "nani ameandika cheo changu hapa?"

Darasa zima likawa linatafuta kalamu chini ya madawati. Hatimaye binti mmoja wa Buger, kata ya kwetu kabisa, akasimama. "Mkuu, hatujasema ni kweli. Tumeziba shimo tu. Kama ni kweli tutaangalia kipindi kijacho."

Nilitamani kumkumbatia. Mkuu hakutamani.

Na kuna habari ya twiga. Kama mmeshuka kreta mnajua kwamba chini kule hakuna twiga. Sasa, katika mantiki, ukisema "kila twiga wa ndani ya kreta ana mabawa", hujasema uongo. Ili uwe mwongo lazima mtu akuletee twiga mmoja wa kreta asiye na mabawa, na hakuna wa kumleta. Nililifundisha hilo kwa furaha kubwa mno. Wiki iliyofuata mwanafunzi mmoja akalitumia kwa wageni wa majaribio, tena kwa uso mkavu, na mama mmoja mwenye darubini akatazama angani mpaka saa ya chakula.

Mzee Margwe alipanda ngazi mbili mbili. "Msomi! Unawafundisha watoto uongo?"

"Si uongo, Mzee. Ni kweli tupu."

"Tupu ndiyo," alisema.

Nawaambia haya ili mjue nilikuwa mwalimu wa namna gani. Nilijua viarifu vya shimo moja na vya matatu. Nilijua ubishi wa wanafalsafa kama "kuwepo" ni kiarifu kama vingine au la, na naweza kuwafupishia: shukeni kreta siku ambayo faru hajaonekana, muwaambie wageni kwamba kuwepo hakuongezi kitu, halafu msikilize watakachosema. Nilidhani naijua kazi. Ndipo akaja Nashipai.

Nashipai alitoka kijiji cha mbele ya Wasso, kule makao makuu ya wilaya ya Ngorongoro, siku nzima ya vumbi kutoka kwetu. Alikuwa na jicho ambalo wengine tungehitaji darubini mbili kulifikia. Aliona duma kabla duma hajajiona. Baba yake alikuwa mfugaji, na alikuwa amemruhusu kwa mwaka mmoja, si zaidi. Akipata cheti, awe mwongoza watalii kama alivyotaka tangu akiwa anachunga ndama kando ya barabara ya magari ya wageni. Asipokipata, arudi Wasso kuuza shuka kwenye duka la shangazi yake, na asizungumzie kreta tena. Hakulia wala kujihurumia. Aliieleza tu kama mtu anavyoeleza ratiba ya basi.

Tatizo lake lilikuwa moja: hakuwa na jibu fupi. Siku ya kwanza alichelewa, nikamwuliza kwa nini.

"Madam, asubuhi niliamka salama," alianza. "Mwenye nyumba naye aliamka salama. Maji yalikuwepo. Nikachemsha chai. Wakati chai inachemka, jirani akaja, ana ndama wake amevimba tumbo..."

Ndama alipopona, kipindi kilikuwa kimekwisha.

Darasani ilichekesha. Kwenye redio ilikuwa balaa. Redio za magari kreta zinasikilizwa na madereva wote, na wote wanataka kitu kimoja: mnyama gani, yuko wapi, anafanya nini, basi. Katika mazoezi ya uani Nashipai aliulizwa yuko wapi chui wa kuigiza, ambaye alikuwa ndoo. Alianza na hali ya hewa. Mzee Margwe alizima redio, akaweka karanga mfukoni, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye misiba.

Mkuu akaniita. "Kwa kifupi, Madam Paulina, yule binti hawezi kushuka kreta kufanya mtihani wa vitendo akiwa na mdomo ule. Na bila vitendo hakuna cheti. Mfupishe."

"Nimfupishe?"

"Si ndiyo kazi yako? Kiima, kiarifu, nukta."

Basi nikamfupisha. Kila jioni tulikaa darasani, chini wakigonga nyundo, mimi nikimrushia maswali. Uko wapi? Umeona nini? Habari za huko? Nilimfundisha kutoa kiima kimoja na kiarifu kimoja kisha kufunga mdomo. Mwanzoni aliteseka. Ungemwona sentensi ya pili ikimpanda shingoni, naye anaimeza. "Faru amelala." Kimya. "Simba yuko kivulini." Kimya. "Habari za huko?" "Nzuri." Kimya. Nikamwambia, Nashipai, umeiva. Akaniuliza kwa upole, "Na yaliyobaki, Madam, yanakwenda wapi?" Nikasema yaliyobaki ni mapambo.

Siku ya mtihani ilikuwa ya masika, mvua ilikuwa imenyesha na magari ya wageni yalikuwa machache. Mzee Margwe aliendesha gari la chuo, wanafunzi wakiwa nyuma na Nashipai mbele akiwa na redio. Mimi na Mkuu tulibaki kituoni, yaani ofisini kwake, tukisikiliza kwenye redio kubwa iliyokuwa juu ya kabati. Mkuu alikuwa mtahini.

Baada ya kushuka, Mkuu alibonyeza. "Gari la chuo, habari za huko? Ova."

"Kituo, habari ni nzuri."

"Ova," alisema Mkuu, neno la kufunga kauli redioni, akanigeukia kama mtu aliyepona jino. Alingoja zaidi ya saa moja, akauliza tena.

"Ni salama."

"Ova," alisema Mkuu, kisha akanigeukia. "Kwa kifupi, umemponya!" Akaagiza chai na maandazi. Alieleza namna ambavyo mawasiliano mafupi ni msingi wa utalii, na maelezo hayo yalichukua muda wote hadi mchana. Akauliza tena. "Salama." "Ova." Mimi ambaye hufikiria mara nne kabla ya kumsalimia mwenye duka, siku hiyo sikufikiria hata mara moja, kwa sababu kila jibu lilikuwa linanisifu.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande tulipomsikia dereva tusiyemjua, sauti ya mtu aliyechoka na aliyefurahi kutupata.

"Kituo cha chuo, kituo cha chuo. Jamani, hawa wanafunzi wenu mmeamua wawe chakula? Gari limezama kwenye tope karibu na msitu wa Lerai tangu asubuhi. Nyati wamewazunguka. Babu yenu ana tope mpaka kwenye kope."

Mkuu aliliweka andazi chini. Alinitazama. Mimi nilitazama redio.

Dereva yule aliwavuta kwa kamba, wakatoka kreta wakiwa wa mwisho kabisa, askari wa hifadhi langoni wakiwa wameshasimama kuwasubiri. Waliingia Karatu wakiwa na rangi moja wote, ya tope.

Asubuhi iliyofuata Mkuu alituita ofisini: mimi, Nashipai na Mzee Margwe, ambaye alikuwa ameoga lakini masikio yalikuwa bado. Uso wa Mkuu ulikuwa umeshaamua. Nilijua atakachosema: hakuna cheti. Nilianza kupanga hotuba ya kumtetea, nikaipanga upya, nikaanza kuhofia neno lake la kwanza.

"Kwa kifupi, binti, ilikuwaje jana?"

"Ni salama, Mkuu," alisema Nashipai.

"Salama ipi!" Mkuu alipiga meza. "Gari limezama, nyati wamewazunguka, unasema salama?"

"Wote tumerudi wazima. Hiyo ndiyo salama."

"Na tope?"

"Hilo hukuniuliza."

"Nilikuuliza habari!"

"Nikakwambia nzuri. Ukasema ova."

Chini mtu aligonga rimu mara moja, akaacha.

"Kwetu," Nashipai alisema, taratibu, kama anayemweleza mgeni, "mtu akikuuliza habari unaanza na uzima. Unasema watu ni wazima, ng'ombe ni wazima, ili asishtuke moyo. Halafu yeye anasema 'ee', na wewe unaingia kwenye habari yenyewe. Kila kipande, anasema 'ee'. Asiposema, unajua hataki kusikia. Unamwacha. Mimi nilisema uzima, nikangoja. Mara zote nilingoja. Ninyi mkasema ova." Akanigeukia, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Na Madam aliniambia yaliyobaki ni mapambo."

Wadogo zangu, sikilizeni sehemu hii. Mimi si Mmasai. Mimi ni Mwiraqw wa Buger, mtoto wa mkulima wa mahindi. Lakini nilipomsikia nilimkumbuka mama yangu kwenye simu. Mama, habari za huko? "Nzuri sana mwanangu. Tunamshukuru Mungu. Ila paa la jiko limeondoka na upepo." Baba je? "Mzima kabisa. Ila yuko hospitali." Sijawahi katika maisha yangu kukata simu ya mama kwenye "nzuri". Hakuna mtu wa Karatu, wala wa Mbulu, wala wa Wasso, anayekata hapo. Sote tunajua "nzuri" ni kubisha hodi. Inasemwa juu ya harusi, na juu ya nyumba iliyoungua. Na kiarifu kinachosemwa juu ya kila kitu hakimwarifu mtu kitu chochote. Nilikuwa na shahada ya mambo hayo. Nilichofanya ni kumfundisha binti wa watu kubisha hodi vizuri kisha kuondoka mlangoni.

Nikaiacha hotuba yangu. Nikamgeukia Nashipai, nikasema, "Ee."

Alinitazama kuona kama namtania. Kisha akaanza.

"Asubuhi tuliondoka salama. Ukungu ulikuwa mwingi kwenye kingo za kreta."

"Ee."

"Tukashuka. Nikaona barabara ya kando ina maji yanayong'aa, na nyayo za nyati zimezama mpaka juu ya kwato. Nikasema, Mzee, njia hii imelowa chini, nyati mwenyewe amezama."

"Ee."

"Mzee Margwe akasema, mimi napita hapa tangu mama yako hajatobolewa masikio."

Mkuu aligeuza kichwa polepole. Mzee Margwe alikuwa anachunguza dari.

"Ee," alisema Mkuu.

Alijisikia akiisema, nadhani, lakini ilikuwa imeshatoka. Mkuu naye kakulia Mbulu, na masikio yake yalikuwa yamezoea kazi hiyo kabla hajapata ofisi.

"Tukapita. Gari likakaa. Mzee akashuka na koleo. Nyati wakaja upande wa miti, nikahesabu waliokuwa na ndama kwa sababu hao ndio wabaya. Nikawaambia wenzangu wafunge vioo wasicheke. Nikamwambia Mzee achimbe upande wa pili, upepo usimpelekee nyati harufu yake."

"Ee. Na akaenda?"

"Alikataa kwanza."

"Ee!" Mkuu alikuwa ameegemea meza. "Halafu nyati?"

"Yule mkubwa akasogea. Mzee akaenda upande wa pili."

"Mbio?"

"Mbio, Mkuu."

Alieleza yote mpaka langoni. Katika habari ile ndefu hapakuwa na pambo hata moja. Kila kipande kilikuwa ni kitu alichokiona kabla ya wengine, au alichokifanya ili watu wasife. Alipomaliza, Mkuu alimtazama Margwe.

"Kwa kifupi, Mzee, ni kweli?"

Mzee Margwe alifuta sikio, akalitazama tope kidoleni. "Lile la masikio ya mama yake nalikumbuka," alisema. "Haya mengine pia ni kweli. Na yule nyati hakuwa mkubwa hivyo." Akafikiri. "Alikuwa mkubwa."

Mkuu alitoa uamuzi, na mimi naukumbuka kwa sababu kweli ulikuwa mfupi. Nashipai atashuka mara moja zaidi. Redio ikienda vizuri, cheti. Isipokwenda, Wasso.

Sasa hapa ndipo nilipojifunza kufundisha, nikiwa nimeshaifanya kazi hiyo kwa miaka. Wazo langu la kwanza lilikuwa jepesi: aanze na ubaya. Aseme "gari limezama" kwanza, uzima baadaye. Nashipai alikataa kabisa.

"Madam, nikianza na ubaya, aliye kituoni atajua kuna maiti. Siwezi kumfanyia mtu hivyo."

"Ni redio tu, Nashipai."

"Anayesikiliza si redio."

Nililifikiria hilo kwa njia zote ninazozijua za kufikiria, ambazo ni nyingi na nyingine zinaumiza tumbo. Kila mara nilirudi hapo hapo. Alikuwa hajakosea kuanza na uzima. Sisi ndio tulikosea kufunga. Tulikuwa tumemfundisha msemaji tu, miezi yote ile, kana kwamba habari ina mtu mmoja. Shimo halikuwa kwenye sentensi yake, lilikuwa kwetu, na sisi ndio tuliotakiwa kuliziba. Basi tukabadilisha utaratibu wa kituo. Mtu wa gari akisema "wazima", mtu wa kituo haruhusiwi kusema ova. Anatakiwa kusema neno moja: "Ila?"

"Ila?" alirudia Mzee Margwe nilipomwonyesha. "Msomi, umesoma miaka yote hiyo ukapata ila?"

"Ndiyo, Mzee."

"Si haba," alisema, akanipa karanga. Hakuwahi kunipa kabla.

Siku ya marudio Mkuu alikaa mbele ya redio akiwa amejifunga koti kama mtu wa mahakamani. Mimi nilisimama karibu na kabati.

"Gari la chuo, habari za huko? Ova."

"Kituo, wazima wote."

Redio ilikoroma. Kidole cha Mkuu kilikuwa juu ya kitufe, na niliona midomo yake ikijiandaa kusema ova, kwa mazoea ya maisha mazima ya kupenda kufunga vikao ambavyo hafungi. Nilimtazama. Akameza.

"Ila?" alisema.

"Ila tairi la nyuma kushoto limepata pancha. Tupo barabara kuu, mahali pakavu. Tunabadilisha. Nyati hakuna, kuna pundamilia tu. Ila ya pili, Mzee Margwe amesema nisiseme kwamba amesahau spana. Tumeazima kwa gari la nyuma. Tunaendelea muda si mrefu. Ova."

Nyuma yake ilisikika sauti ya Mzee Margwe ikisema kitu ambacho hakifai kwenye redio inayosikilizwa na madereva wote, na madereva wote wakacheka kwenye masafa. Mkuu akabonyeza kitufe.

"Ee," alisema. "Endelea, binti."

Cheti alikipata. Shangazi wa Wasso alitafuta muuzaji mwingine. Na chuoni "Ila?" ilibaki, ikatoka kwenye redio ikaingia kila mahali. Mwanafunzi akisema ameelewa, nilikuwa namwuliza ila? Ungeshangaa yaliyokuwa yanatoka. Miaka yangu yote ya mwisho kazini nilifundisha viarifu hivyo: andika mashimo yako, ziba, angalia kama ni kweli, kisha uliza kama aliyeambiwa ameambiwa. La mwisho halimo kwenye kitabu chochote nilichonacho, na nimevikagua.

Mwaka huu nikakuta ratiba mpya ubaoni. Lugha na Mawasiliano haimo. Mahali pake pamewekwa Upigaji Picha kwa Simu. Mkuu alinieleza sababu kwa kifupi, nikakosa basi la Buger. Mzee Margwe alinisindikiza mpaka chini, kwenye shokapu, akasema wanaofuta masomo hawajawahi kuzama kwenye tope. Nikasema wewe ndiye uliyezama, Mzee. Akasema ndiyo maana anajua.

Nashipai siku hizi anashusha wageni karibu kila siku. Wiki iliyopita alinipigia simu akiwa juu ya kingo, nikasikia injini inanguruma na watu wanauliza kwa lugha yao ziko wapi vyoo.

"Madam, shikamoo."

"Marahaba, Nashipai. Wageni wazima?"

"Wazima. Nimesikia umepumzika. Habari za kustaafu?"

"Nzuri tu," nikasema. "Nzuri sana. Napumzika."

Nilingoja aseme haya Madam, siku njema, kwa sababu wageni wanamsubiri na simu ya kule juu hukatika ovyo. Hakusema. Nikasikia upepo, mlango wa gari ukifungwa, na hatua zake zikienda pembeni kwenye utulivu.

"Ila?" alisema.

Nikavuta kiti. Nikaanza na asubuhi ile: niliamka salama, mwenye nyumba naye salama, maji yalikuwepo, nikapanda ngazi, nikaitazama ratiba.

"Ee," alisema Nashipai.